Maisha ya George Stephenson, Fundi wa Gari la Moshi

Kama unaishi Kibosho, Uru au Old Moshi, ukitazama chini siku ya anga safi unauona mji wa Moshi. Katika mji huo iko stesheni ya reli. Pengine umewahi kupanda treni hapo, au baba yako alipanda. Pengine umesikia wazee wakisimulia habari za mlio wa gari la moshi na wingu jeusi lililopanda juu ya mashamba.

Zamani mji wa Moshi haukuwa pale ulipo sasa. Makao ya Mangi na boma la Wajerumani yalikuwa juu mlimani, mahali tunapopaita Old Moshi. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Waafrika ndio waliofyeka msitu, wakachimba udongo na kubeba vyuma. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Stesheni iliwekwa chini kwenye tambarare, na mji mpya ukakua kando yake. Mwaka 1929 reli ikafika Arusha.

Kabla ya reli, mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka pwani. Reli ilipokuja, kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro ilisafirishwa kwa mabehewa mpaka bandarini. Wakulima hao waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Bila reli, kazi ya kuuza kahawa ng'ambo ingekuwa ngumu sana.

Je, nani aliyeanza kuvuta mizigo kwa nguvu ya mvuke juu ya reli? Hakuwa mtu mmoja. Mafundi wengi walifanya kazi hiyo. Lakini mmoja wao alijulikana kuliko wote, na habari zake zinakuhusu wewe hasa. Mtu huyo alipofikisha umri wa miaka 18 alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Jina lake George Stephenson. Soma sasa habari za maisha yake.

MTOTO WA MGODINI

George alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, kaskazini ya Uingereza. Karibu na kijiji hicho kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Baba yake alifanya kazi ya kuchochea moto wa mtambo wa kuvuta maji mgodini. Mshahara wake ulikuwa mdogo. Baba, mama na watoto walikaa katika chumba kimoja. Baba hakujua kusoma. Mama pia hakujua. Fedha za kumpeleka mtoto shule hazikuwapo.

Mbele ya nyumba yao ilipita njia ya reli za mbao. Farasi walivuta magari ya makaa juu ya njia hiyo. Watoto walionywa wasiwakaribie farasi. Hivyo George aliiona reli tangu utotoni, lakini hakuona gari lililokwenda bila mnyama.

Alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe wa mama mmoja mjane. Huko malishoni alicheza kwa kufinyanga mitambo ya udongo, kama watoto wetu wanavyotengeneza magari ya mabua na vijiti. Alipokua kidogo akaingia kazini mgodini. Alianza kwa kuchambua makaa na kuondoa mawe. Kisha akamsaidia baba yake kuchochea moto. Alipokuwa na umri wa miaka 17, alipewa mtambo wa kuusimamia. Sasa kazi yake ilikuwa kubwa kuliko ya baba yake.

George aliupenda mtambo wake. Siku ya Jumamosi, wenzake walipokwenda kupumzika, yeye aliufungua kipande kwa kipande. Alikisafisha kila kipande, akatazama kinavyofanya kazi, kisha akavirudisha vyote mahali pake.

SHULE YA USIKU

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. George alisikia kwamba kuna vitabu vinavyoeleza habari za mitambo. Lakini vitabu vingemfaa nini mtu asiyejua herufi? Mtu akimsomea, anasikia. Mtu huyo akiondoka, kitabu kinanyamaza.

Akakata shauri. Akiwa na umri wa miaka 18, kijana mkubwa mwenye kazi yake, alikwenda kukaa darasani. Mwalimu mmoja wa kijijini alifundisha usiku mara tatu kwa wiki. George alimlipa peni tatu kila wiki kutoka katika mshahara wake mdogo. Alijifunza herufi, kisha maneno. Alipofikia umri wa miaka 19 aliweza kuandika jina lake.

Halafu akajifunza hesabu. Mwalimu alimwandikia maswali kwenye kibao. George alikwenda na kibao chake kazini. Mtambo ulipokuwa unakwenda vizuri, alikaa karibu na moto na kufanya hesabu. Jioni alimrudishia mwalimu majibu.

Wewe unajua ugumu wa jambo hili. Mkono uliozoea jembe au panga haukubali upesi kushika kalamu. Macho yamechoka, na kazi za nyumbani zinangoja. George naye alikuwa hivyo. Lakini hakuacha.

HUZUNI NYUMBANI

Mwaka 1802 George alimwoa Frances Henderson. Ili apate fedha zaidi, usiku alishona viatu na kutengeneza saa za watu. Mwaka 1803 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Robert. Mwaka 1805 wakapata mtoto wa kike, lakini alifariki baada ya wiki chache. Mwaka 1806 Frances naye akafa kwa ugonjwa wa kifua kikuu. George akabaki na mtoto mdogo asiyefikisha miaka mitatu.

Alimwacha mtoto kwa mama mmoja, akaenda kwa miguu mpaka Skotland kutafuta kazi. Alikaa huko miezi kadhaa. Aliporudi alikuta balaa nyingine. Baba yake alikuwa ameunguzwa na mvuke kazini na macho yake yamepofuka. Fedha zote alizoweka akiba George zilikwisha kwa kulipa madeni ya baba na kuwatunza wazazi. Akafikiri kuhamia Marekani, lakini hakuwa na nauli. Basi akabaki, na dada yake akaja kumsaidia kumlea Robert.

BABA NA MTOTO WASOMA PAMOJA

Wakati huo George alifanya kazi katika mgodi wa Killingworth. Mwaka 1811 mtambo mmoja wa kuvuta maji hapo ulishindwa kazi. Maji yalijaa shimoni, na wachimbaji hawakuweza kushuka. Mafundi wakubwa walijaribu wakashindwa. George aliomba ajaribu yeye. Aliufungua mtambo, akabadili sehemu alizoona hazifai, akaufunga tena. Baada ya siku chache maji yalikwisha, na watu wakarudi kazini. Mwaka 1812 wenye mgodi wakamfanya fundi mkuu wa mitambo.

Sasa alipata mshahara mzuri. Alifanya nini na fedha hizo? Alimpeleka Robert shule nzuri mjini Newcastle. Akamnunulia punda wa kumbeba kwenda na kurudi. Robert alirudi na vitabu. Kama kitabu hakikuruhusiwa kutoka maktaba, Robert alinakili maneno na michoro yake katika karatasi. Usiku baba na mtoto walikaa pamoja mezani. Mtoto alisoma, baba akauliza, wote wawili wakajifunza. Baba hakuona aibu kufundishwa na mwanawe.

TAA YA WACHIMBAJI

Katika migodi ya makaa ya mawe hutoka hewa inayowaka. Wachimbaji walishuka na taa za moto wazi. Hewa hiyo ikikutana na moto hulipuka. Watu wengi walikufa kwa njia hiyo, wazee kwa vijana.

Mwaka 1815 George alitengeneza taa yenye kioo. Hewa iliingia ndani ya taa kwa matundu madogo sana. Moto haukuweza kupita katika matundu hayo kwenda nje. Lakini je, taa hiyo ilikuwa salama kweli? Hakumtuma mtu mwingine kujaribu. Alishuka mwenyewe shimoni na taa inayowaka, akaisogeza mahali palipokuwa panatoa hewa hiyo mbaya. Kama alikosea, angekufa. Taa haikulipua hewa.

Wakati huohuo mtaalamu mmoja maarufu wa London, Humphry Davy, alitengeneza taa ya namna yake. Alipewa zawadi ya pauni 2,000. Watu wa London hawakusadiki kwamba fundi wa mgodini, asiyesoma shule kubwa, angeweza kubuni taa kama hiyo. Walisema ameiba maarifa ya Davy. George aliumia sana. Lakini watu wa Newcastle walichunguza jambo hilo, wakaona kwamba aliitengeneza taa yake kwa akili yake mwenyewe. Wakamchangia pauni 1,000.

INJINI JUU YA RELI

Labda unauliza mvuke unavuta gari namna gani. Tazama sufuria ya maji iliyo juu ya mafiga. Maji yakichemka, mfuniko huruka na kutikisika. Mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji, kwa hiyo unasukuma. Sasa fikiri pipa la chuma lililofungwa imara, lenye moto na maji. Mvuke hauna njia ila bomba moja. Unapita katika bomba hilo na kusukuma chuma mbele na nyuma. Chuma hicho kimeunganishwa na magurudumu, na magurudumu yanazunguka.

Mtu wa kwanza kuendesha injini kama hiyo juu ya reli alikuwa Richard Trevithick, mwaka 1804. Lakini injini yake ilikuwa nzito, nazo reli za wakati huo zilivunjika. Stephenson alijifunza kutoka kwa waliomtangulia. Mwaka 1814 alimaliza injini yake ya kwanza, iliyoitwa Blücher. Iliweza kuvuta tani 30 kupanda mwinuko. Tani 30 ni sawa na magunia 500 ya kahawa ya kilo 60. Mwendo wake ulikuwa kama wa mtu anayetembea haraka.

Stephenson aliona kwamba injini nzuri haitoshi. Reli lazima iwe imara, na njia isiwe na miinuko mikali. Tarehe 27 Septemba 1825 ilifunguliwa njia ya Stockton na Darlington aliyoijenga yeye. Injini iliitwa Locomotion, na siku hiyo dereva alikuwa Stephenson mwenyewe. Mamia ya watu walipanda juu ya magari ya makaa, wakishangilia.

MBELE YA BUNGE

Mwaka huo huo wa 1825 alipata aibu kubwa. Wafanyabiashara walitaka reli kati ya miji ya Liverpool na Manchester. Bunge lilitakiwa kutoa ruhusa. Wenye ardhi kubwa hawakuitaka reli. Waliwafukuza wapimaji mashambani mwao, hata vipimo vingine vikachukuliwa haraka haraka na wasaidizi.

Stephenson aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Mawakili walimhoji siku baada ya siku. Walicheka lafudhi yake ya kijijini. Kisha wakaonyesha kwamba baadhi ya vipimo vyake vina makosa. Na kweli vilikuwa na makosa. Hakuvikagua mwenyewe kabla ya kuvipeleka. Ombi likashindwa, naye akaondolewa kazini.

Mwaka uliofuata vipimo vipya vilipelekwa, na Bunge likakubali. Wenye kampuni walipotafuta mtu wa kuijenga reli, walimrudia Stephenson. Hakukataa kwa hasira. Alirudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Njia ilipita katika kinamasi kikubwa kiitwacho Chat Moss. Udongo waliomwaga ulizama na kupotea. Watu walisema haiwezekani. Stephenson aliagiza walaze matita ya matawi na vichaka, tabaka juu ya tabaka, kisha udongo na mawe juu yake. Njia ikaelea juu ya matope kama chelezo juu ya maji. Hata leo treni zinapita hapo.

SHINDANO LA RAINHILL

Kampuni haikuwa na hakika kama injini za mvuke zinafaa. Basi mwezi Oktoba 1829 ikaweka shindano mahali paitwapo Rainhill. Zawadi ilikuwa pauni 500. Maelfu ya watu walikuja kutazama. Robert, yule mtoto wa punda, sasa alikuwa fundi mwenye kiwanda cha injini Newcastle. Yeye na baba yake walileta injini iliyoitwa Rocket. Ndani ya pipa lake la maji mlipita mabomba 25 yaliyopitisha moto, kwa hiyo maji yalichemka upesi. Injini nyingine ziliharibika njiani. Rocket peke yake ilimaliza safari zote. Mwendo wake mkubwa ulikaribia kilometa 48 kwa saa. Wakati huo binadamu alikuwa hajaona chombo cha nchi kavu kiendacho hivyo.

Reli hiyo ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Siku hiyo ya furaha ilikuwa pia siku ya msiba. Mbunge mmoja, William Huskisson, alishuka na kusimama kwenye njia. Rocket ikaja ikamgonga. Stephenson mwenyewe aliendesha injini nyingine kwa mwendo wa kasi kumpeleka kwa madaktari, lakini mtu huyo alikufa usiku uleule. Tangu siku ya kwanza watu walifundishwa kwamba reli si mahali pa kusimama. Wewe pia ukumbuke hivyo unapovuka reli na mifugo yako.

UZEE WAKE

Baada ya hapo nchi nyingi zilijenga reli. Stephenson alitajirika. Alikataa cheo cha heshima alichotaka kupewa na serikali. Uzeeni alikuwa mkulima wa bustani. Alikasirika kuona matango yake yanapinda, akatengeneza vyombo virefu vya kioo ili yakue yamenyooka! Alifariki tarehe 12 Agosti 1848, mwenye umri wa miaka 67, katika mji wa Chesterfield.

Kazi yake haikufa. Reli zake zilikuwa na upana wa milimita 1,435. Upana huo ndio unaotumika katika reli ya SGR ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Ndio pia upana wa SGR ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Reli yetu ya Moshi ni nyembamba zaidi. Ni ya meta moja.

INJINI ZILIZOTUNZWA

Injini za dizeli zilipokuja, injini za mvuke ziliachwa. Nyingi zilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Lakini watu waliozipenda walisikitika. Injini ya mvuke inapumua, inatoa jasho, inalia. Aliyezoea sauti yake hasahau.

Huko Uingereza, Rocket na Locomotion hazikutupwa. Zinatunzwa mpaka leo. Mwaka 1951 watu wa kujitolea huko Wales waliiokoa reli ndogo ya Talyllyn, wakawa wanaendesha wenyewe injini zake kuukuu. Wengine wakafuata mfano wao. Siku za mapumziko, wazazi huenda na watoto na kulipa nauli, si kwa sababu wana safari, bali wapate kusikia mlio na kunusa moshi. Mwaka 2025, ilipotimia miaka 200 tangu safari ya Stockton na Darlington, nakala ya Locomotion ilitembea tena juu ya reli.

Afrika Mashariki nayo inayo kumbukumbu. Miaka ya 1955 na 1956 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 kubwa sana kutoka kiwanda cha Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Zilikuwa na nguvu kuliko injini zote za mvuke za dunia zinazokwenda juu ya reli ya meta moja. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilipewa majina ya milima yetu. Moja iliitwa Kilimanjaro. Mbili zimetunzwa katika makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Moja ni Gelai, jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Nyingine ni Shengena, jina la mlima wa Upare, katika Mkoa wetu wa Kilimanjaro.

Hapa kwetu treni ya abiria ya Moshi ilisimama kwa miaka mingi. Mwezi Desemba 2019 ilirudi kutoka Dar es Salaam, wakati watu wanapopanda nyumbani kwa Krismasi. Mwaka 2020 ikafika Arusha. Iliporudi ilivutwa na dizeli. Wazee waliokwenda kuitazama walifurahi, lakini wengine walikumbuka ile ya moshi.

Ndugu msomaji, chuma kikitunzwa bila habari zake ni chuma tu. Katika kijiji chako huenda yuko mzee aliyefanya kazi relini, au mama aliyesafiri kwa gari la moshi akiwa msichana. Habari zao hazimo katika makumbusho yoyote. George Stephenson alijifunza kuandika akiwa mtu mzima. Wewe pia umejifunza. Chukua daftari, nenda kwa mzee huyo, keti, sikiliza, uandike. Usingoje mwakani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. George Stephenson alianza kusoma akiwa na umri gani? Alifanya hesabu zake wapi?
2. Kwa nini yeye mwenyewe alishuka shimoni kuijaribu taa?
3. Bunge lilikataa reli mwaka 1825. Je, kosa lilikuwa la nani? Elezeni.
4. Reli imeleta faida gani katika mkoa wetu? Imeleta hasara gani?
5. Katika kijiji chenu kuna kitu gani cha zamani kinachofaa kutunzwa? Nani atakitunza?